Jina la Mtu Aliye Hai

Mwanangu wa kwanza alikaa karibu mwezi mzima bila jina la kumtosha. Si kwamba majina yalikosekana. Yalikuwa mengi mno, na kila mgeni aliyeingia kutuona alikuja na lake pamoja na sabuni na sukari ya kumpongeza mzazi.

Katika kurasa hizi simtaji mtu kwa jina. Nimeolewa katika boma ambamo mke hatamki jina la baba mkwe wala la mama mkwe, hata akikasirika namna gani, na ulimi wangu umeshazoea adabu hiyo. Tena habari yenyewe ni ya jina moja, na jina hilo lina mwenyewe. Nikiliandika hapa nitakuwa nimeliita tena, na kule kuliita mara ya kwanza kulinitosha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi ni Mkuria wa upande wa Isebania, karibu na mpaka. Mume wangu ni Mjaluo wa kando ya Rodi Kopany. Alikuwa akiendesha trekta la kuvuta miwa huko Awendo, nami nilikuwa napika chapati katika kihoteli ambacho madereva walikuwa wakija kunywa chai asubuhi. Tulipooana, kwetu walinung'unika na kwao wakanung'unika, nasi tukawaacha wanung'unike. Yeye alibaki Awendo siku za kazi, akija nyumbani Jumamosi. Mimi niliishi kwao na mama yake, mjane, tukitazamana mchana kutwa wanawake wawili ambao hawana lugha moja. Kijaluo changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Kikuria yeye hakujua hata neno. Kwa hiyo tuliongea Kiswahili cha sokoni, kila mtu akikivuta upande wake, na ajabu ni kwamba tulielewana.

Nilijifungulia Homa Bay, saa nne asubuhi. Wadi ya wazazi ndiyo iliyonifunza kwamba watu hawapeani majina kwa njia moja. Kitanda cha kushoto kwangu alikuwa mke wa muuza duka mmoja wa mjini, Mwislamu. Mumewe alikuja na kanzu yake safi, akamwinua mtoto, akamwadhinia sikioni taratibu, kisha akatwambia sisi wote kwamba jina litatangazwa siku ya saba na mbuzi ameshanunuliwa. Hakukuwa na wasiwasi wowote. Kitanda cha kulia alikuwa mama wa Kikisii aliyeteseka siku mbili, na mtoto alipotoka salama alimpa jina la muuguzi aliyemzalisha. Muuguzi mwenyewe alicheka, akasema watoto wenye jina lake wilayani sasa wanaweza kujaza darasa zima. Nakumbuka niliona jambo hilo ni la kawaida kabisa. Muuguzi yu hai, anatembea wadini na viatu vyake vyeupe, na jina lake limepata mwingine. Kuna ubaya gani?

Kwa wakwe zangu ubaya ulikuwepo, lakini sikujua bado.

Jina la kwanza mtoto alilipata bure. Kwa Wajaluo saa ya kuzaliwa ina jina lake tayari. Aliyezaliwa usiku ni Otieno, jua likiwa la utosini ni Ochieng', mvua ikinyesha ni Okoth, na mama akishikwa na uchungu njiani mtoto ni Oyoo. Wangu alikuja jua likipanda, kwa hiyo alikuwa Onyango hata kabla hajaoshwa. Jina la pili, la ubatizo, lilikuwa limeshachaguliwa na mume wangu kutoka kwenye Biblia. Nilidhani tumemaliza. Mama mkwe akaniambia tulikuwa hatujaanza. Jina la saa ni la kila mtu, na la kanisa ni la karatasi. Jina lenyewe ni la mtu wa ukoo aliyetangulia, na hilo hachaguliwi mtoto. Analichagua mwenyewe, kwa kulia.

Na kulia alijua. Siku ya nne alitolewa nje, kama mvulana anavyotolewa, na siku ya tano akaanza. Ikifika saa kumi alasiri anakunja miguu tumboni, uso unakuwa mwekundu, na hatulii mpaka giza liingie. Nilimpeleka zahanati. Muuguzi wa pale alimbonyezabonyeza tumbo, akasema ni gesi tu inamsokota, miezi mitatu ikiisha itakwisha yenyewe. Mama mkwe alisikiliza kwa heshima zote. Tulipofika nyumbani akatuma watu Kosele kumwita shangazi wa mume wangu, ambaye kila mtu katika boma alimwita Waya, yaani shangazi, nami nikamwita hivyo hivyo.

Waya alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Alikaa kwenye kigoda, akamlaza mtoto mapajani saa ile ile ya kulia kwake, akaanza kuita majina ya waliokufa. Aliita kila mmoja kwa utulivu, akiongeza maneno yaleyale: kama ni wewe, nyamaza unyonye. Mama mkwe alinieleza pembeni kila aliyeitwa alikuwa nani. Huyu alifuga nyuki. Huyu alipelekwa vitani na Wazungu, akarudi na koti tu. Huyu alikuwa na wake watano na hakuna aliyempenda. Kwa yule wa nyuki mtoto alinyamaza, na wote tukainama kumtazama, kumbe alikuwa anavuta pumzi. Alipoitoa, kuku walikimbia.

Waya aliwamaliza wa upande wa baba, akaenda kwa watu wa upande wa mama mkwe. Mtoto akaendelea kulia. Kisha Waya akamtazama mama mkwe, akasema kwa Kijaluo maneno machache ambayo hata mimi niliyaelewa: amebaki mmoja.

Mama mkwe alisimama, akamchukua mtoto kutoka mapajani kwa Waya.

"Hakuna amebaki," akasema. Alilisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

Jumamosi mume wangu alipokuja nilimuuliza. Mama yake alizaa watoto sita, wakakua wawili: yeye na kaka yake, kifungua mimba. Kaka huyo alivuka mpaka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Tanzania, miaka sita kabla mimi sijaolewa. Aliandika barua mbili. Ya tatu haikuja. Mtu mmoja alisema kuna shimo lilianguka, mwingine akasema alimwona Mwanza amenenepa. Tangu hapo mama yake aliamua kwamba yuko kazini. Kila mwaka kabla ya Krismasi aliikandika upya udongo nyumba ya mwanawe huyo iliyokuwa karibu na lango. Siku za soko Rodi aliwatafuta wachuuzi waliotoka Sirari, ng'ambo ya mpaka, akawauliza, kisha akarudi kwenye njugu alizokuwa akiuza. Redio ikifika kwenye matangazo ya vifo, aliizima.

Sasa unaelewa kilichokuwa mbele yetu. Majina yale ni ya waliokufa. Mtoto akinyamazia jina, mwenye jina ni marehemu, na hakuna mjadala tena. Mama mkwe asingekubali mtoto wangu aulizwe swali hilo.

Nilimuuliza mume wangu yeye anaamini nini. Alisema anaamini kaka yake amekufa, na nisije nikalisema hilo mbele ya mama. Nami nikasema sawa. Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikuwaza zaidi ya hapo. Kwa Wajaluo mdogo hatoki kwenda kujenga boma lake kabla ya mkubwa. Maadamu kaka yake alikuwa kazini, sisi tungekaa katika chumba chetu kimoja ndani ya boma la mama yake mpaka tuzeeke. Niliwaza hilo, tena zaidi ya mara moja, huku nikimbembeleza mtoto.

Wiki ya tatu ilinikuta nimechoka vibaya. Jina langu lenyewe lilikuwa limekwama. Mwanamke akizaa huitwa mama wa fulani, na kwa kuwa fulani hakuwepo, jirani waliniita mama mtoto, tu, kama mtu asiye na mtoto maalumu. Baba yangu alikuwa ametuma salamu kwamba angependa jina litoke kwao. Mzee wa kanisa alipita akasema mambo ya kuita wafu tuyaache. Wote walikuwa na jambo la kusema, na hakuna aliyekuwa akishinda na kile kilio.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa ameenda soko. Saa kumi ilipofika mtoto akaanza, kwa bidii yake ya kila siku. Nilimbeba, nikamweka begani, nikazunguka naye uani, nikakaa naye kizingitini. Halafu hasira ikanipanda. Nikamwambia, haya, unataka jina, chagua. Nikaanza kuwaita wale wa Waya, wa nyuki na wa vitani na wa wake watano. Nikawaita watu wangu kwa Kikuria, babu zangu na ndugu zao. Nikamwita mwalimu wa darasa la tatu aliyenichapa kwa kuchelewa. Nikamwita chifu. Nikamwita ng'ombe wetu wa maziwa. Nilikuwa nusu nalia nusu nacheka. Kisha nikalisema lile jina.

Sitadanganya kwamba liliniponyoka. Nilijua ninachokisema.

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio, mdomo ukiwa bado wazi. Akageuza kichwa, akatafuta ziwa, akanyonya. Uani pakawa kimya hata nikasikia njiwa kwenye paa. Niliogopa. Nilikuwa mtu wa zahanati mimi, mtu wa gesi tumboni, na sasa nilimshika nisithubutu kumsogeza.

Nilipoinua macho mama mkwe alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, kikapu bado kichwani. Mvua ilikuwa imetishia, soko likavunjika mapema.

"Nyar Kuria," akasema, yaani binti wa Kikuria, ndivyo alivyoniita siku zote. "Umeita nani?"

Nikasema nilikuwa nacheza tu na mtoto.

"Ita tena."

Nikasema siwezi. Basi akaliita mwenyewe, polepole, akimtazama mtoto. Mtoto akaendelea kunyonya. Akatua kikapu. Akafungua kilemba chake, akaketi chini palepale penye vumbi, akanyoosha miguu yote miwili mbele. Nilikuwa nimehudhuria matanga ya kutosha kwao kujua mwanamke anakaa hivyo lini. Alichokuwa amebakiza ni kupiga yowe la msiba tu. Akipiga, jirani watakuja, watu wa Kosele wataitwa, mume wangu atafuatwa Awendo, na kifungua mimba wa mama mkwe atakuwa amekufa rasmi, ameuawa na mdomo wa mke wa ndugu yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Ndipo nikaanza kusema. Sikupanga. Nilimwambia, Mama, kwetu jina la mtu aliye hai hupewa mtoto. Mimi nina jina la nyanya yangu, na nyanya yangu yuko, juzi tu amenitumia ndizi. Nikamwambia hata Homa Bay nilimwona mwanamke akimpa mtoto jina la muuguzi, na muuguzi hakufa, aliendelea kutupimia joto. Alikuwa haniangalii. Nikasogea mpaka nikakaa naye vumbini.

"Huyu mtoto ni wenu na ni wetu," nikamwambia. "Nani amekuambia amejibu kwa desturi yenu? Labda amejibu kwa ya kwetu."

 Matone ya kwanza yalianguka, hatukuinuka.

"Nyanya yako iko?" akauliza mwishowe.

"Yuko."

"Na yeye anakuita aje?"

Nikamwambia ananiita mwenzangu. Mama mkwe akakiokota kilemba, akakifunga.

"Nataka kuona yeye," akasema.

Hakumwambia Waya wala mwanawe. Wiki hiyo hiyo tulifunga safari, yeye na mimi na mtoto, tukavuka Migori, tukafika kwetu siku ya pili kwa kuwa tulilala kwa ndugu yangu njiani. Alivaa gauni lake la kanisani na kumbebea nyanya yangu sukari na ugoro. Nilimwona akitembea kwa hatua za mtu anayekwenda kusikiliza kesi yake.

Nyanya yangu alikuwa mdogo wa umbo, masikio yake yametogwa na kuvutwa mpaka karibu na mabega, na hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Aliponiona aliniita kwa jina langu, ambalo ni lake, nami nikamjibu kwa lake, ambalo ni langu, tukacheka kama tulivyozoea tangu nikiwa mtoto. Mama mkwe alitutazama, mmoja halafu mwingine. Alikuwa hajaona jambo hilo maishani mwake. Akanisihi nimuulize nyanya swali moja: alipotoa jina lake na yeye yu hai, hakuogopa?

Nikauliza. Nyanya akacheka, akasema angeogopa nini, alikuwa amepata mtu wa kumchotea maji asiyeweza kujifanya hajasikia akiitwa. Hilo nilitafsiri lote, na mama mkwe akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu siku ya soko. Kisha nyanya akauliza kwa nini mgeni ametoka mbali hivyo kuulizia jambo dogo. Nikamweleza kwa Kikuria, kwa kifupi, habari ya shemeji yangu na machimbo na kilio cha mtoto.

Uso wa nyanya ulibadilika. Alisema mengi. Alisema hilo si jambo moja na letu. Jina lake alilitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, akanitemea mate ya baraka kifuani siku ya saba. "Huyo wenu nani alimuuliza?" akasema. "Na akirudi, ataitwa nani?" Alisema jina la mtu asiyejulikana aliko haliguswi, liachwe mpaka ijulikane. Alisema nimwambie mgeni hivyo hivyo.

Mama mkwe alikuwa akinisubiri, mikono juu ya magoti.

Nikamwambia, "Anasema ni jambo jema. Anasema jina halimalizi mtu."

Mama mkwe alimtazama nyanya, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kukubali. Nyanya naye alidhani ujumbe umefika, akaagiza chakula kiletwe. Walikula pamoja ugali wa mtama na mboga chungu, wakishikana mikono mara kwa mara kwa kuwa hawakuwa na maneno, nami nilikaa kati yao nikimnyonyesha mtoto. Sikujua nimemwokoa mtu au nimemwibia. Hata leo nikilikumbuka jambo hilo naona aibu, na bado nadhani ningelifanya tena.

Basi mtoto akapewa jina. Kulikuwa na uji, kuku wawili na watu wengi kuliko kuku. Waya alipoulizwa jina limepatikanaje, macho yake yalinijia, lakini mama mkwe alimkata kabla hajafungua kinywa, akatangaza kwamba jina limetolewa kwa desturi ya kwao mama mtoto, ambako walio hai hurithiwa majina. Mwanawe yuko kazini, na sasa ana mwenzake nyumbani. Watu waliitikia. Nyuma ya mgongo wangu walisema nyar Kuria ni mwerevu, amempokonya mkubwa nafasi yake kwa kutumia kichanga. Lilifika masikioni mwangu kupitia kwa wale wale waliolisema. Halikuwa uongo wote.

Mimi nikawa Min fulani, mama wa fulani. Mama mkwe ndiye aliyependa kuniita hivyo kuliko wote. Aliliita jina hilo mara kumi kwa siku, bila haja, akiwa kisimani, akiwa jikoni. Miaka yote ile alikuwa hana ruhusa ya kulitamka ila kwa kuuliza. Sasa alikuwa nalo kinywani tangu asubuhi.

Na kilio? Kiliendelea. Kesho yake saa kumi mtoto alikunja miguu na kulia kama zamani, na kesho kutwa, mpaka mwezi wa tatu ulipoisha, sawasawa na alivyosema muuguzi. Mama mkwe alimpakata, akamsugua tumbo, akaimba. 

Miaka ikapita kama minne. Mtoto aliongea mapema, akachanganya lugha zetu zote tatu katika sentensi moja, na mtu akimuuliza jina lake alisema la ubatizo, la saa, kisha lile lenyewe, akijipiga kifua. Hakuna barua iliyokuja kutoka ng'ambo. Taratibu niligundua kwamba mama mkwe ameacha kuwatafuta watu wa Sirari sokoni. Mwaka mmoja Krismasi ilifika na nyumba ya kando ya lango haikukandikwa. Mvua ikaanza kuila ukuta upande mmoja, naye alipita mbele yake akienda kuchota maji.

Kisha asubuhi moja, mume wangu akiwa likizo, mama mkwe alimwita akamwambia aende akamtafutie tunda la yago. Mume wangu akakaa chini. Yago ni mti wenye matunda marefu na mazito, yananing'inia kwa kamba zake. Mjaluo akifa mbali na mwili usipatikane, tunda hilo huzikwa badala yake, katika kaburi kamili, na waombolezaji kamili, ili mtu awe na mahali. Watu wa ukoo walikuwa wameshamwomba miaka mingi akubali jambo hilo, na aliwafukuza. Sasa aliomba mwenyewe, huku akipepeta njugu.

Tulimzika. Waya alikuja na sauti yake, ukoo ukajaa, tunda likafungwa shuka na kuwekwa ndani. Mama mkwe hakulia. Alikaa ameshika mkono wa mwanangu muda wote, macho makavu, na wanawake wakanong'ona kwamba mshtuko umemkausha.

Siku ya tatu yake watu walikuwa wameondoka. Alasiri tulikaa wawili karibu na kaburi tukibangua njugu, kwa kuwa lazima mtu afanye kitu. Nikaona siwezi tena. Nikamwambia yote: kwamba nyanya yangu hakusema ni jambo jema, kwamba alikataza, kwamba alisema nimwambie na sikumwambia. Nikamwomba radhi.

Hakuacha kubangua.

"Nyanya yako aliongea maneno mingi," akasema. "Wewe ukanipa kidogo. Nikajua ile ingine umekula."

Nikamuuliza mbona hakuuliza.

"Nilikuwa nataka hiyo kidogo."

Alitupa maganda kando, akafuta mikono kwenye leso. Akaniambia alijua tangu siku ile ya soko, pale vumbini. Labda alijua hata kabla. Lakini angemzika vipi wakati ule? Angemzika yeye na jina lake pamoja, na boma lingekaa kimya, hata la kuita lisingebaki. Akangoja mtoto akue, alishike jina, aweze kulisema mwenyewe.

"Sasa jina iko na mtu," akasema. "Naweza kuzika mwenye jina."

Akasimama, kwa shida kidogo kwa ajili ya magoti. Akaligeukia kaburi, akaliita lile jina. Hakuliita kama alivyoliita kila siku kisimani na jikoni. Aliliita kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mbali sana, akilivuta mwisho wake, mpaka pumzi ikamwishia.

"Dani!" mtoto akaitika kutoka nyuma ya jikoni, yaani nyanya, kama wajukuu wa Kijaluo wanavyoitikia. Akaja mbio, magoti yamejaa udongo, akasimama mbele yake akihema.

Mama mkwe alimtazama. Akamwekea mkono kichwani.

"Si wewe naita," akamwambia.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kwa miaka yote ile, hata jirani wakasikia na kuanza kuja kwa njia ya shambani. Nilitaka kumwondoa mtoto pale, akakataa. Aliketi chini kando ya miguu yake, akaanza kubangua njugu, akangoja amalize.